Kuunganisha Ukoo wa Asili ya Uskoti Uliotawanyika kwa Nasaba Moja: Mwongozo Kamili

Wasomaji wenye babu au bibi Mskoti, pamoja na wale walioolewa katika koo hizo huko Kanada, Australia na Uingereza, wamekuwa wakiuliza jambo moja. Kila wakianzisha mti wa ukoo wa pamoja, kundi huchangamka kwa wiki chache kisha hunyamaza, na mti wenyewe hubaki umejaa majina ambayo hakuna anayeweza kuyathibitisha.

Chanzo hakibadiliki sana. Kila mtu huruhusiwa kubadilisha chochote, hakuna anayedaiwa ushahidi, na jamaa wengi hawapewi kazi yoyote zaidi ya kutazama. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kuziba mianya hiyo mitatu, na mpangilio wake usirukwe, kwa sababu kila hatua hutegemea iliyotangulia. Kwa mfano nitatumia ukoo wa kubuni unaotokana na mume na mke wa kisiwa cha Lewis, magharibi mwa Uskoti, ambao watoto wao walielekea Cape Breton (kisiwa cha jimbo la Nova Scotia, Kanada), Otago (Nyuzilandi), Glasgow na, katika kizazi cha baadaye, Nairobi.

## Mahitaji

- Programu ya nasaba inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako na inayoweza kutoa faili ya GEDCOM, ambayo ndiyo aina ya faili inayosomwa na karibu programu zote za nasaba. Gramps ni ya bure na inatosha.
- Akaunti ya ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya kumbukumbu za Uskoti. Kupekua faharasa hakulipiwi, lakini kufungua picha ya hati hulipiwa kwa krediti; kwa hiyo tengeni bajeti ya ukoo mapema.
- Akaunti ya bure ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za nasaba, kwa ajili ya utafutaji.
- Folda moja ya pamoja mtandaoni, na diski ya nje isiyokaa nyumba moja na kompyuta.
- Simu inayorekodi sauti vizuri, na skana.
- Mjumbe mmoja kutoka kila mlango, yaani tawi, la ukoo. Hili ndilo hitaji gumu kuliko yote, na bila hilo ni afadhali kusubiri.

## Hatua ya 1: Chagueni wazee wa mwanzo na uwekeeni ukoo mpaka

Chagueni mume na mke mmoja ambao wote mnaokusudia kuwaunganisha mnashuka kutoka kwao, na ambao ndoa yao imethibitishwa kwa hati. Watoto wao waliopata uzao ndio milango ya ukoo. Msichague mzee wa mbali kupita kiasi kwa sababu tu jina lake lina fahari, kwani ukoo unaoanzia mwaka 1700 utakuwa na maelfu ya watu ambao hakuna awajuaye, ilhali ukoo unaoanzia wazazi waliooana katika miaka ya 1830 au 1840 bado una wazee wanaokumbuka wajukuu wa wazazi hao.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Kuitwa MacLeod au Campbell si ushahidi wa kutoka katika damu ya chifu wa kabila hilo, kwa kuwa wapangaji na watu waliokaa chini ya ulinzi wa chifu mara nyingi walichukua jina lake. Nembo nazo, kwa sheria ya Uskoti inayosimamiwa na Lord Lyon, afisa mkuu wa nembo wa nchi hiyo, ni mali ya mtu mmoja aliyepewa, wala si ya kila mwenye jina hilo. Vibao vya nembo vinavyouzwa madukani ni pambo la ukutani; visiingie katika nasaba.

Hatua hii imekamilika pale mnapoweza kuandika katika ukurasa mmoja majina ya wazee wawili, ya watoto wao wote, na mahali kila mtoto alikofia.

## Hatua ya 2: Mtunzaji mmoja, wajumbe wengi

Ukoo uwe na nakala kuu moja ya nasaba, na mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuiandika. Wengine wote husoma, huleta na husahihisha kupitia kwake. Jambo hili huwaudhi watu mwanzoni, lakini mti ulio wazi kwa kila mkono huharibika kimyakimya: jamaa mmoja huunganisha akina Donald wawili wa kijiji kimoja, mwingine hunakili kosa hilo, na baada ya mwaka mmoja hakuna akumbukaye lilikoanzia.

Mjumbe wa kila mlango apewe kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Wa Cape Breton apige picha mawe ya makaburi ya kwao. Wa Dunedin, mji wa Otago, atafute tanzia katika magazeti ya zamani. Wa Glasgow afuatilie nyumba na mitaa. Wa Nairobi arekodi wazee wa huko. Mtu aliyepewa kaburi la kutafuta hurudi na habari, na aliyepewa kiungo cha kubofya hurudi kimya.

## Hatua ya 3: Anzeni na wazee, kabla ya hati yoyote

Hati zitakuwepo mwaka ujao; mzee wa miaka 91 hana ahadi hiyo. Mazungumzo yafanywe na jamaa aliye karibu naye, kwa lugha ambayo mzee ameizoea na kwa adabu za kwao. Kwa wazee wa mlango wa Afrika Mashariki, anza na shikamoo na habari za nyumbani, na umwache amalize hadithi yake hata kama imekwenda mbali na swali, kwa maana jina unalolitafuta mara nyingi huwa limo katika hadithi ambayo hukuiomba.

Picha huleta mengi kuliko maswali. Weka picha moja mezani, uliza nani amesimama wapi, nani aliipiga na ilikuwa nyumba ya nani, kisha nenda kwa inayofuata. Uliza pia ni nani aliyebaki na Biblia ya familia, kwa kuwa ndani yake mara nyingi kuna ukurasa ulioandikwa vizazi na vifo. Uliza majina ya utani: katika vijiji ambako nusu ya watu waliitwa jina moja, jina la utani ndilo lililomtofautisha mtu na mwenzake.

Skani picha kwa nukta 600 kwa inchi, na majina yaandikwe nyuma ya picha halisi kwa penseli laini. Wino wa kalamu hupenya na kuharibu sura. Maneno ya mzee yanakiliwe kama alivyoyasema, hata pale unapojua kwamba mwaka alioutaja si sahihi. Masahihisho yaandikwe kando.

## Hatua ya 4: Kutafuta hati, kuanzia walikofia

Kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote ni kuvuka bahari ukiwa na jina tupu. Inverness-shire, kaunti ya Uskoti, ilijaa akina John MacDonald, na faharasa itakupa orodha ndefu ambayo utailipia hati moja baada ya nyingine bila kumjua wako. Malizeni kwanza hati za nchi aliyohamia, mkitafuta mambo matatu: majina ya wazazi wake, jina la parokia, na majina ya ndugu zake.

Australia. Vyeti vya kifo vya Victoria ni hazina, kwani kwa kawaida hutaja wazazi, mahali pa kuzaliwa, miaka aliyokaa katika koloni, ndoa na watoto. Magazeti ya zamani yanasomwa bure katika Trove, huduma ya Maktaba ya Taifa ya Australia.

Nyuzilandi. Kuanzia 1876 usajili wa vifo uliuliza majina ya wazazi na muda ambao marehemu aliishi nchini. Magazeti yamo katika Papers Past, nayo ni bure. Kwa mlango wa Otago, koloni lililoanzishwa mwaka 1848 na Waskoti wa Kanisa Huru (lililojitenga na Kanisa la Uskoti), tanzia ya mzee wa mwanzo huenda ikataja hata meli aliyopanda.

Nova Scotia. Hifadhi ya nyaraka ya jimbo imeweka picha za usajili wa kiraia mtandaoni bila malipo, ila vizazi na vifo vina pengo kubwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1870 na 1908. Pengo hilo huzibwa kwa sensa, rejista za makanisa na mawe ya makaburi. Ndiyo maana mjumbe wa Cape Breton alipewa kazi ya makaburini.

Mkishapata parokia na wazazi, ingieni Uskoti. Mstari wa kukumbuka ni 1 Januari 1855, siku usajili wa kiraia ulipoanza. Hati za mwaka huo wa kwanza zina maelezo mengi kiasi kwamba makarani walielemewa, na mengine yakaondolewa mwaka uliofuata. Kwa hiyo kama kuna hata ndugu mmoja wa babu yenu aliyezaliwa, aliyeoa au aliyefariki mwaka 1855, fungueni hati yake kabla ya nyingine zote. Tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi vilirudishwa katika hati za kuzaliwa mwaka 1861.

Cheti cha kifo cha Uskoti hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Hii ina maana kwamba ajuza aliyezaliwa 1780 na kufariki 1860 anaweza kuwafungulia kizazi ambacho rejista ya parokia haikukiandika. Tazameni hata hivyo ni nani aliyetoa taarifa. Mwana aliyekuwepo kitandani ni shahidi mmoja, na jirani aliyetumwa kwa msajili ni shahidi mwingine kabisa.

Kabla ya 1855 mtategemea rejista za parokia za Kanisa la Uskoti. Ya zamani kuliko zote inaanzia 1553, lakini msijipe matumaini ya tarehe hiyo kwa visiwa vya magharibi, ambako nyingi zinaanza karne ya 19. Rejista hizi huandika ubatizo na matangazo ya ndoa, mara chache mazishi. Baada ya mfarakano wa 1843 uliozaa Kanisa Huru, familia nyingi za nyanda za juu na visiwa zilihama kanisa, na watoto wao hawaonekani tena katika rejista ya zamani. Kutokuwemo kwao humo kusichukuliwe kuwa walikuwa wamekwisha kuhama nchi.

Sensa zinapatikana kila miaka 10, kuanzia 1841 hadi 1921. Katika ile ya 1841 umri wa watu wazima kwa kawaida ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa 5, na uhusiano wa watu wa nyumba moja haukuandikwa. Msiwaite wote waliomo watoto wa mwenye nyumba.

Zingatieni pia mambo haya manne:

- Mwanamke Mskoti aliyeolewa hakupoteza jina lake katika hati. Mtafuteni kwa jina la kwao pia.
- Donald aliyevuka bahari aliweza kuwa Daniel, Janet aliitwa Jessie, na Euphemia alijulikana kwa Effie.
- Mtoto akifa, jina lake mara nyingi alipewa anayefuata. Akina Murdo wawili katika familia moja si lazima liwe kosa la karani.
- Desturi ilikuwa mwana wa kwanza aitwe jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na binti wa kwanza aitwe jina la bibi mzaa mama. Itumieni kama dokezo la wapi pa kutafuta. Kamwe msiitumie kuwa ushahidi.

Picha za hati za kuzaliwa zisizofikia miaka 100, za ndoa zisizofikia 75 na za vifo zisizofikia 50 hazifunguliwi mtandaoni. Kwa hizo mtaagiza nakala rasmi. Kila hati mnayoilipia inakiliwe kwa maandishi pamoja na mwaka, namba ya wilaya na namba ya ingizo, ili mjumbe mwingine asiilipie tena. Picha zenyewe zisitawanywe hadharani, kwa kuwa zina haki za wenyewe.

## Hatua ya 5: Mpe kila mtu namba yake

Katika ukoo wenye akina Alexander kumi na wanane, majina hayatoshi. Tumieni mpango wa namba uliobuniwa na Mfaransa Jacques d'Aboville. Mzee wa mwanzo ni 1. Watoto wake, kwa kufuata walivyozaliwa, ni 1.1, 1.2, 1.3 na kuendelea. Mtoto wa nne wa 1.3 ni 1.3.4, na mtoto wa pili wa huyo ni 1.3.4.2.

Faida yake huonekana mara moja. Mtu akijitambulisha kuwa 1.3.4.2.1, kila asomaye anajua ni wa mlango wa tatu na wa kizazi cha tano, na akilinganisha na namba yake mwenyewe anaona ni wapi damu zao zilipoachana. Watoto wadogo hupenda sana jambo hili, na kwa maoni yangu ndilo lililo rahisi kuliko yote kuwaingiza vijana katika nasaba.

Msitoe namba kabla ya kukamilisha orodha ya watoto wote wa kizazi husika, wakiwemo waliokufa wachanga. Mtoto akigunduliwa baadaye katikati ya orodha, mpeni namba ya mwisho na andikeni sababu pembeni. Kupanga upya namba za watu 300 kutaua imani ya ukoo mzima.

## Hatua ya 6: Kuandika, kusahihisha na kuhifadhi

Kila taarifa ipewe alama ya uzito: A kwa hati iliyoandikwa wakati wa tukio, B kwa hati iliyoandikwa baadaye au na mtu asiyekuwepo, na C kwa masimulizi. Taarifa ya C si ya aibu. Aibu ni C inayojifanya A.

Tarehe zote ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa mfano 4 Machi 1862. Jamaa wa Marekani akiandika 3/4/1862 anamaanisha siku hiyohiyo, ilhali yule wa Glasgow ataisoma kuwa 3 Aprili.

Masahihisho yaje kwa mtunzaji yakiwa na mambo matatu: namba ya mtu, kinachopaswa kubadilika, na hati inayothibitisha. Mtunzaji ajibu ndani ya wiki mbili, hata kama jibu ni kwamba bado anatafuta. Hati mbili zikipingana, zote ziandikwe, pamoja na sababu ya kuegemea upande mmoja.

Faili ya GEDCOM haibebi picha ndani yake, na kila programu huisoma kwa namna yake. Kwa hiyo hifadhini GEDCOM, folda ya picha, na kitabu cha PDF kinachosomeka bila programu ya nasaba, vyote vitatu pamoja.

## Hatua ya 7: Walio hai na mambo ya siri

Mtu yeyote aliyezaliwa ndani ya miaka 100 iliyopita na ambaye kifo chake hakijathibitishwa ahesabiwe kuwa yu hai, na taarifa zake zisitoke nje ya ukoo. Tarehe kamili ya kuzaliwa na jina la mama kabla ya kuolewa bado hutumiwa na baadhi ya taasisi za fedha kumtambua mteja, na mti ulio wazi huviweka vyote viwili mikononi mwa matapeli. Ndani ya ukoo, mwaka wa kuzaliwa unatosha.

Mtakutana na watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Hati za kuzaliwa za Uskoti zililiandika jambo hilo waziwazi hadi 1919, na kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa hueleza mengi zaidi. Utaratibu unaofaa ni kumwambia kwanza, faraghani, mzao aliye karibu zaidi na mhusika, kumpa muda, na kuandika kwa lugha isiyohukumu. Likiwa jambo ambalo mtu aliye hai bado linamuumiza, libaki katika faili iliyofungwa.

## Hatua ya 8: Vinasaba, kwa kiasi

Kipimo cha vinasaba hakijengi nasaba. Hujaribu nasaba mliyokwisha kuijenga. Wapimwe kwanza wazee, kwa hiari yao, kwani wako kizazi kimoja au viwili karibu zaidi na wazee wa mwanzo. Watu wanaoshiriki wazazi wa babu au bibi zao karibu daima huonekana kuwa na vinasaba vya pamoja, lakini kadiri mnavyosogea mbali, kutolingana hakuthibitishi kwamba undugu haupo.

Pale ambapo karatasi hazikuandikwa, vinasaba huwa njia kuu. Wapo wazao wa Waskoti waliolima chai huko India, wengine wakiwa watoto waliolelewa Kalimpong katika makao yaliyoanzishwa na mmisionari John Anderson Graham mwaka 1900 na baadaye kupelekwa Nyuzilandi. Wapo pia Afrika Mashariki watoto ambao baba Mskoti hakuwaandikisha. Ukoo uamue kabla ya kupima, si baada, kwamba mlango wa namna hii ukijitokeza utapewa namba kama milango mingine.

## Hatua ya 9: Kalenda inayoufanya ukoo ukutane

Wekeni mambo mawili tu kwa mwaka, na yasikose. La kwanza ni barua ya ukoo, itoke 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Iwe na waliozaliwa, waliooa na waliofariki, hati mpya zilizopatikana, na maswali yasiyozidi matano ambayo mtunzaji ameshindwa kuyajibu. Maswali ndiyo yanayoleta majibu. Barua yenye matokeo matupu husomwa na kuwekwa kando.

La pili ni mkutano wa mtandaoni mwezi Julai, wakati wa likizo upande wa kaskazini. Saa tatu usiku ya Glasgow huwa ni saa kumi na moja jioni Halifax (mji mkuu wa Nova Scotia), saa saba mchana Vancouver, saa tano usiku Nairobi, na saa mbili asubuhi ya siku inayofuata Dunedin. Mkiuhamishia Januari, Dunedin itakuwa saa nne asubuhi na Nairobi saa sita usiku, kwa sababu Uskoti na Nyuzilandi hubadilisha saa kwa mwelekeo tofauti ilhali Kenya haibadilishi. Mwaliko uandikwe kwa mtindo wa saa 24, ukitaja saa ya kila mji. Jamaa wa Nairobi na wa Halifax wakisoma "saa tatu" hawataingia wakati mmoja.

Mkutano uwe na mlango mmoja unaoeleza habari zake kwa dakika 20, na zamu ihame kila mwaka. Wakati uliobaki uwe wa mazungumzo tu. Kama kuna mwanamlango anayejua nyimbo za Kigaeli au mapishi ya bibi, mpeni nafasi kabla ya majedwali.

Siku barua inapotoka, mtunzaji atume pia kwa kila mjumbe nakala kamili ya faili zote tatu za hatua ya 6, na ataje ndani ya barua jina la mrithi wake. Mrithi awe na umri mdogo kwa angalau miaka 15, awe na nywila za folda ya pamoja, na kila mwaka afungue nakala yake katika kompyuta yake mwenyewe, ahesabu watu waliomo, na amwandikie mtunzaji kama idadi inalingana.